Namba Niliyojiitikia Mwenyewe

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, na mmoja wenu akasema niandike mambo ya zamani ya kazi yetu yasije yakapotea. Kwa saa nashukuru, ingawa mtu aliyestaafu hana haja kubwa ya kujua ni saa ngapi. Kuhusu kuandika, nimefikiri sana. Sitaandika nani alipandishwa cheo lini wala nani alilipwa nini. Hayo yamo kwenye mafaili, na mafaili yanaliwa na mchwa, nami sioni sababu ya kuwagombeza mchwa. Nitaandika habari za bunduki moja ndogo kuukuu iliyoletwa kwetu Makambako wakati wa Mwingereza, na kosa nililolifanya juu yake. Nyinyi mmezoea kunisikia nikifoka, "Nani ameitikia?" Wengine mmeniiga mbele ya wenzenu, nami nimewasikia nikiwa nyuma ya mlango. Basi someni mjue kelele zile zilianzia wapi.

Nilishuka kutoka Bulongwa, kwetu Ukingani, nikiwa na darasa la nne la misheni, blanketi moja, na barua ya mwalimu iliyosema kwamba mimi, Yeremia Sanga, si mwizi. Nilitembea siku tatu hadi Njombe, meno yakigongana kwa baridi, kisha nikapakiwa juu ya lori la magome ya miwati, ile miti ya dawa ya ngozi, hadi Makambako. Makambako ile haikuwa mji. Ilikuwa njia panda, maduka matatu, na upepo. Upepo wa pale mnaujua, lakini siku zile haukuwa na nyumba za kuuzuia, ukivaa kofia asubuhi, jioni inavaliwa na mtu wa kijiji cha pili.

Karakana ilikuwa ya Kalasinga mmoja ambaye jina lake halisi lilikuwa refu mno hata yeye mwenyewe alilikata nusu anaposaini. Mbele yalitengenezwa malori. Nyuma kilikuwapo chumba kidogo chenye dirisha la nondo, nacho kiliitwa chumba cha silaha. Ukutani, ndani ya kioo, juu kuliko hata picha ya Mfalme, palitundikwa kibali cha serikali cha kutengeneza bunduki. Kwenye kibali kile yaliandikwa majina mawili: la Kalasinga mwenye mali, na la Selemani, fundi.

Mzee Selemani alikuwa Mmanyema wa Ujiji. Alikuwa fundi wa silaha katika Keya, jeshi la Mwingereza, akaenda nalo mpaka Burma, akarudi na mguu mmoja mzito na sanduku la tupa. Tupa zile alizifunga moja moja kwa vitambaa vya fulana, akazilaza kwa ukubwa wake, na ole wako uzirundike. "Tupa zikilala pamoja zinang'atana," alikuwa akisema, "na zikishang'atana zitakuja kukung'ata wewe." Palikuwa pia na jiliwa la kubania chuma lenye midomo ya shaba, keekee ya mkono ya kutobolea, msumeno wa chuma wenye jino jembamba, na kisanduku cha mbao chenye mihuri ya chuma, sufuri hadi tisa, ya kugongea namba kwenye vipuri. Umeme hatukuwa nao. Mwanga wetu ulikuwa ule wa dirishani, kwa hiyo kazi ya silaha ilianza jua likipanda na kuisha likianza kulala.

Siku yangu ya kwanza alinipa bolti ya bunduki aina ya raifo akaniambia niifungue. Nikaifungua kama mtu anayefungua mlango wa zizi. Springi ikaruka, pini ikaifuata, na vyote viwili vikapotelea sakafuni. Mzee alivuta stuli akaketi, akaniacha nipige magoti kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, nikipapasa vumbi la udongo kwa vidole. Nilipoipata ile pini nilikuwa karibu kulia. Akaniuliza, "Umemaliza kusali, bwana mdogo?" Nikasema ndiyo, mzee. "Vema. Katika chumba hiki kila kitu kinachoanguka kina mwenyewe. Hata unga wa tupa hatutupi." Kweli chini ya jiliwa palikuwa na debe, na kila kilichokatwa au kusagwa kilianguka humo. Debe likijaa, walikuja wahunzi wa Kipangwa wakalichukua wakafulie majembe.

Siku ya pili alinifundisha kuitikia. Hili ndilo ninalotaka mlisome taratibu. Bunduki ikiingia, kabla hujaigusa kwa tupa wala kwa bisibisi, mtu mmoja anasoma namba yake kwa sauti, tarakimu moja moja. Mtu wa pili anaitazama namba ile ile, anaitikia kwa sauti, ndipo inaandikwa kwa chaki kwenye ubao. Siku ya kutoka ni hivyo hivyo. Mzee aliniambia namba ya bunduki ndiyo jina lake mbele ya serikali, na mwenye bunduki isiyo na jina anaitwa jambazi hata kama ni mzee wa kanisa. Basi kila asubuhi chumba chetu kilikuwa kama darasa la wokovu: mmoja anasoma, mwingine anaitikia. Miaka mingi tulibadilishana. Miezi michache kabla ya habari hii akasema nisome mimi siku zote, nipate kuzoea ukubwa. Nilidhani ni heshima nimepewa.

Kufikia hapo nilikuwa nimeshakuwa fundi. Niliweza kutambua springi iliyochoka kwa kuisikia tu, na sikuwa mnyenyekevu kuhusu hilo.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa mwezi wa sita, baridi ikiwa imeanza kukaza, Mzee Selemani aliaga kwa wiki moja. Alisema anakwenda Iringa kuwajulia hali jamaa zake. Kesho yake tu akaja Mzee Mlowe.

Mzee Mlowe alikuwa Mbena wa upande wa Igwachanya, mkulima wa mahindi na viazi, mtu mfupi mwenye koti la Kizungu lililomzidi mikono. Bunduki yake ilikuwa ya pointi tu-tu, ile inayotumia risasi nyembamba kama penseli. Aliachiwa na mmisionari mmoja aliyemtumikia miaka mingi, pamoja na koti. Katika kijiji chake kizima hapakuwa na bunduki nyingine zaidi ya magobore mawili. Ngedere walipoingia mahindini, watu hawakupiga yowe ovyo, walimpigia yowe yeye.

"Kamwene, Mkinga," alinisalimu kwa Kibena, akaiweka mezani. "Huyu mama amezeeka. Meno yamemtoka."

Meno aliyoyasema ni magazini, kile kisanduku cha kupangia risasi. Ile ya asili ilikuwa imepasuka, ikafungwa waya, ikapasuka tena, mwishowe ikapotea shambani. Bila magazini mzee alitia risasi moja kwa mkono, akipiga, mpaka atie nyingine kundi lote limeshakula na kwenda zao. Lakini ngedere hawakuwa tatizo kubwa. Kila mwaka, mwezi wa saba, wenye silaha wote wa wilaya walizipeleka bomani Njombe zikakaguliwe. Mwaka uliotangulia mzee aliambiwa kwamba bunduki yake ni mbovu, na akirudi nayo ikiwa hivyo hivyo itachukuliwa ivunjwe na cheti kifutwe. Na cheti cha Mwafrika kikishafutwa siku zile, usitegemee kingine.

"Nikirudi nyumbani mikono mitupu," alisema, "mahindi ya watu arobaini yanaliwa. Na mimi nitakuwa mzee mwenye koti tu."

Nikamwambia asihofu. Nikamwomba cheti. Akasema amekiacha nyumbani kisilowe, manyunyu yalikuwa yakipiga njia nzima. Sheria yetu ilikuwa kwamba bila cheti bunduki haipokelewi. Lakini mzee alikuwa ametembea toka alfajiri, na mimi ndiye nilikuwa mkubwa wa chumba wiki ile. Nikapokea.

Sasa ikaja namba. Hapakuwa na mtu wa kuitikia. Mafundi wa malori walikuwa chini ya lori, na kumwita mtu kutoka chini ya lori ni kutafuta matusi. Kwenye mtutu niliona tarakimu nne zimegongwa vizuri: moja, tatu, moja, sita. Nikazisoma kwa sauti. Kisha, msicheke, nikahamia upande wa pili wa meza, nikazitazama tena, nikajiitikia: moja, tatu, moja, sita. Nikaandika ubaoni. Niliridhika kabisa.

Kazi yenyewe niliifurahia, na hata leo nikiikumbuka vidole vinaniwasha. Magazini za bunduki ile zilikuwa zimeacha kutengenezwa. Niliagiza kwa dereva magazini ya bunduki mpya ya aina nyingine kutoka Mbeya, pamoja na pini ya kugongea risasi na kikulabu cha kuvutia ganda. Magazini mpya ilikuwa ndefu kuliko tundu la zamani kwa kiasi cha upana wa kidole, na ilikaa kwa kuinama. Risasi ya pointi tu-tu ina ukingo kitakoni, na kiwashio chake kimo ndani ya ukingo huo, si katikati kama risasi kubwa. Kwa hiyo zinapopangwa, ukingo wa risasi ya juu lazima utangulie mbele ya ule wa chini, la sivyo zinakamatana kama mafahali. Pini mpya nayo ilikuwa ndefu mno. Ingeachwa hivyo ingekula ukingo wa mtutu kwa nyuma. Nikaipunguza kwa jiwe la mafuta, unywele kwa unywele, nikijaribu kwa maganda matupu, mpaka ikagonga ukingo na kuishia hapo.

Kilichobaki ni kulirefusha tundu upande wa nyuma. Mzee Mlowe alikuwa na desturi ya kuipaka bunduki yake mafuta ya ng'ombe, tena kwa ukarimu, na kwa baridi ya kwao mafuta yale yalikuwa yameganda na masizi yakawa gamba jeusi gumu. Sikulikwangua. Nilipima, nikachora, nikatia msumeno. Kipande chembamba cha chuma, urefu wa ukucha wa kidole gumba, kikaanguka debeni. Nikalainisha kwa tupa, nikaingiza magazini, ikakaa na kulia *tak*. Nilitoka nje na risasi tano, nikapiga kigogo cha mwati nyuma ya karakana, zote tano zikapita bila kukwama. Nilijiona mtu.

Mzee Selemani alirudi siku moja kabla ya ukaguzi. Saa chache baadaye akafika Mzee Mlowe, safari hii na cheti ndani ya bati la majani ya chai. Nilimpa bunduki. Aliichezea magazini, akaitoa, akaitia, akaitoa, akicheka peke yake. Mzee Selemani akakipokea cheti, akakishika kwa muda, kisha akanipa. "Soma," akasema.

Nikasoma: mbili, sufuri, nane, nne, saba.

Nikatazama ubao. Moja, tatu, moja, sita.

"Mzee Mlowe," nikasema, "hapo bomani karani husoma namba wapi?"

"Huitoa magazini, anatia kidole humu, anafuta mafuta," alisema, akaonyesha. "Husomea humu tunduni, upande wa nyuma."

Nikafuta kwa kitambaa. Pale pembeni mwa mkato wangu mzuri zilibaki tarakimu mbili tu, nne na saba. Ile ya kwenye mtutu ilikuwa alama ya kiwandani, ya aina ya bunduki, na bunduki zote za jinsi ile duniani zilikuwa nayo.

Mzee Mlowe alielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Aliketi juu ya kreti. Kwenda bomani na bunduki iliyokatwa namba ilikuwa sawa na kujipeleka jela. Kutokwenda kabisa, vivyo hivyo. Akakiona kile kisanduku cha mihuri rafuni.

"Lakini namba mnazo hapo," alisema polepole. "Na cheti hiki hapa. Gongeni tu, wanangu. Nani atajua?"

Nilikwisha nyanyua mkono. Nawaambieni ukweli, kisanduku kilikuwa tayari wazi na mbili ilikuwa kati ya vidole vyangu. Kazi ya dakika tano, na ingetoka safi kuliko ya kiwandani. Mzee Selemani aliweka kiganja chake juu ya kisanduku.

"Fundi hampi mtu jina," alisema. "Tukigonga hii moja, kila bunduki iliyowahi kutoka mlango huu itakuwa na jina la kutilia shaka. Kilichokatwa kiko wapi?"

"Debeni, mzee."

"Basi piga magoti. Hujasahau."

Tulilimwaga debe juu ya turubai. Unga wa chuma, vinyweleo vya keekee, vichwa vya skrubu, maganda ya miezi mitatu. Tulipiga magoti watu watatu, mimi, Mzee Mlowe na koti lake, na Mzee Selemani na mguu wake mzito. Mimi nilitafuta kwa macho, nikigeuza geuza kuelekea dirishani, kwa kuwa jua lilikuwa linapungua. Mzee Selemani hakutazama hata chini. Alikuwa amekabili ukuta, vidole vikitembea ndani ya takataka kama vya mama anayechagua mchele. Yeye ndiye aliyekipata. Alikipapasa kwa kucha, akaninyooshea.

"Soma."

"Mbili, sufuri, nane."

Nilikiweka kando ya mkato wa bunduki. Vilikutana kama vipande vya chungu kimoja. Mzee Mlowe alisema neno la Kibena ambalo mke wangu, Mbena, amekataa kunitafsiria mpaka leo.

Asubuhi tulipanda lori la miwati kwenda Njombe, sisi watatu. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya boma, na wenye bunduki walijipanga kando ya ukuta, kila mtu amekumbatia yake, mikono kwapani. Mkaguzi alikuwa Bwana Shauri kijana, msaidizi wa mkuu wa wilaya, Mwingereza mwenye Kiswahili cha kitabuni kilichonyooka kuliko changu. Karani alikaa kando na daftari la silaha. Tulipofika mezani nilitangulia kusema kabla mtu hajaniuliza. Nilisimulia yote: cheti nilichokosa kudai, mafuta ya ng'ombe, mtutu, msumeno. Nikaweka kile kipande juu ya meza.

Bwana Shauri alikilinganisha na bunduki kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Karakana yenu ina kibali kwa sababu mnasoma namba watu wawili. Ndivyo mlivyoiambia ofisi hii. Nani aliitikia?"

"Mimi, bwana."

"Nani alisoma?"

"Mimi, bwana."

Karani aliinamisha uso ndani ya daftari, mabega yakamtikisika. Bwana Shauri hakucheka. Alisema kwamba kwa haki angeweza kukifuta kibali cha karakana siku ile ile, na bunduki ikatupwa shimoni. Mzee Mlowe alikuwa ameishika kona ya meza kwa mikono miwili. Kisha Bwana Shauri akamgeukia Mzee Selemani.

"Wewe ndiye fundi uliyeandikwa kwenye kibali. Kama ungekuwepo, jambo hili lingetokea?"

Jibu lilikuwa wazi. *Lisingetokea, bwana.* Maneno mawili, na karakana inapona, na mjinga mmoja wa Kikinga anafukuzwa kama alivyostahili. Nililingoja jibu lile, tena nilitaka alitoe. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri jinsi nitakavyopanda tena kwetu na blanketi langu.

"Lingetokea vile vile," alisema Mzee Selemani.

Bwana Shauri akamtazama.

"Sikwenda Iringa. Nilikwenda kwa daktari wa misheni, huko Ukingani. Macho yangu yamekwisha, bwana. Naona mtu, naona mlango, namba sizioni. Huyu kijana akisoma, mimi huitikia alichosoma. Angesoma moja tatu moja sita, ningeitikia moja tatu moja sita. Ni miezi minane sasa."

Bwana Shauri akamsogezea cheti cha Mzee Mlowe. "Nisomee."

Mzee Selemani alikishika, akakisogeza mbali, akakirudisha karibu. Alikigeuza kuelekea dirishani. Kisha akakiweka mezani, akakinyoosha mikunjo kwa kiganja, taratibu, kama alivyokuwa akilaza tupa zake. Mimi nilitoka nje nikalia kando ya ukuta, mbele ya wazee wote wale na magobore yao, na sikuona aibu.

Niliitwa ndani. Bwana Shauri alikuwa ameamua. Bunduki ilikuwa nzima, na kipande kilithibitisha jina lake. Mihuri yetu ilikuwa mfukoni mwa Mzee Selemani, aliibeba bila kuniambia. Niliigonga namba upya pale pale juu ya meza ya serikali, Bwana Shauri akisoma, karani akiitikia kwa kuangalia, tarakimu moja moja, na habari ikaandikwa daftarini. Ile nane ilitoka imelala kidogo. Mzee Mlowe alipewa cheti chake. Halafu karani akachukua nakala ya kibali cha karakana, akapiga mstari juu ya jina la Selemani, na chini yake akaandika la kwangu.

Nilisema sitaandika habari za vyeo. Hicho nimekiandika kwa sababu nilipewa siku niliyostahili kufukuzwa.

Tuliporudi, juu ya marobota ya magome, upepo ukitupiga, nilimfokea. Sikuwahi kumfokea kabla. Nilimwuliza kwa nini amesema, nani alimwuliza habari za macho, kwa nini asiniache nibebe mzigo wangu.

Alinijibu tulipovuka mto. "Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua," alisema. "Mimi sikungoja kilio. Wewe umejiitikia siku moja, Yeremia. Mimi nimeitikia nisichokiona miezi minane. Tukipimana, nani mkosaji?"

Mzee Mlowe, aliyekuwa amelala au anajifanya, akasema bila kufumbua macho, "Nyinyi wawili gombaneni polepole, mama huyu anapumzika," akaipigapiga bunduki yake. Tukacheka, tena sana, kama watu wanavyocheka wakitoka msibani.

Wiki iliyofuata alituletea viazi gunia na mtungi wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Mzee Selemani, Mwislamu, alichukua viazi. Mimi, Mlutheri, nilichukua viazi mbele za watu.

Mzee Selemani hakurudi tena kwenye jiliwa. Kalasinga, ambaye mdomoni alikuwa mkali na moyoni laini, alimwachia stuli yake karibu na dirisha. Alichambua springi kwa vidole, alinoa patasi, na aliwafundisha wanaoanza kupapasa kabla ya kutazama. Alitutoka kabla bendera ya Mwingereza haijashushwa. Tupa zake aliniachia mimi, na hadi siku mliponiaga zililala kila moja kwenye kitambaa chake. Aliyezirundika wiki iliyopita, nimeambiwa.

Bunduki ya Mzee Mlowe ililetwa na mwanawe, baadaye na mjukuu. Kila ilipokuja niliitoa magazini nikaitafuta ile nane iliyolala. Kile kipande kilichokatwa Bwana Shauri alinirudishia, nikakitundika kwa msumari juu ya ubao. Wengi wenu mmekiona mkadhani ni kipuri kilichosahauliwa.

Sasa lile mnaloulizana. Mnasema bado nilikuwa na nguvu, nimeondoka mapema, labda nimegombana na mkubwa. Sikugombana na mtu. Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, Tumaini, fundi mwenzenu, aliingia na raifo akanisomea namba. Niliitikia, akaandika ubaoni, tukaendelea na kazi. Nilikuwa nimeshafika mlangoni na kikombe cha chai ndipo nikajua kwamba namba ile sikuiona. Niliisikia tu. Nikarudi nikaitazama dirishani, nikaisogeza mbali, nikaileta karibu.

Nilikiweka kikombe chini, nikaenda moja kwa moja kwa mkubwa. Mzee Selemani alichelewa miezi minane. Mimi nilichelewa mpaka chai ikapoa.

Tumaini, namba ya bunduki ile irudie. Tafuta mtu akuitikie.